Gari la Kumpeleka Verna Ziwani

Wendell Lahtinen alisambaza mikate hapa Ishpeming, mji wetu wa mgodi na theluji, mpaka alipostaafu, na sijawahi kumsikia akimpandishia mtu sauti. Ubishi wake ulikuwa wa kimyakimya. Mkewe Verna alikuwa akisema, "Mwambie Wendell mlango unavutwa, atausukuma mpaka jioni." Mimi nilikaa ng'ambo ya barabara, nikaona mengi kutoka dirishani.

Verna alikuwa na mgongo mbovu. Aliupata kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kwa kuinua mashuka mabichi. Kibanda alichojenga baba yake kule ziwani, tunachokiita kambi kama watu wote wa huku, kilikuwa mwisho wa njia ya mawe na mizizi. Pikapu yao ilikuwa kuukuu, springi zimelala kabisa. Kila shimo lilimfanya Verna aume meno, mpaka akaacha kwenda.

Ndipo Wendell akaagiza springi mpya na shokapu mpya, zile laini zinazoinua gari kidogo. Septemba akaipandisha pikapu juu ya stendi za chuma pale uani.

"Utakwenda kama mtoto mchanga anayebebwa," alimwambia Verna.

Mbele kulikwenda vizuri. Nyuma ndiko kulikokuwa na kazi. Chumvi inayomwagwa barabarani kila majira ya baridi ilikuwa imeila ile bolti inayoshika springi, ikaigandisha ndani ya bushi, kile kibomba chake cha chuma na mpira. Wendell alichomeka bomba refu kwenye spana, akaning'inia kwa uzito wake wote. Mlio wa kukatika niliusikia nikiwa jikoni kwangu. Kichwa cha bolti kilibaki kwenye spana, mwili ukabaki ndani.

Reino Kangas, kaka yake Verna, alikuja kuangalia. Alikuwa mchomeleaji wa karakana ya mgodi, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Shemeji, hiyo bolti imefunga ndoa na chasi," alisema akicheka. "Haitaki talaka. Ngoja nilete gesi niipashe moto."

"Tangi la mafuta liko hapo hapo. Unataka kutulipua?"

"Tunalishusha tangi, kwani kitu gani? Au unadhani hii ni mikate, unasubiri iive yenyewe?"

Wendell hakucheka. Alifuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Asante, Reino. Nitaitoa mwenyewe." Tangu siku hiyo ikawa haramu kulitaja jina la Reino karibu na ile pikapu.

Aliimwagia ile bolti mafuta ya kulainisha kutu, akasubiri, akagonga nyundo, akasubiri tena. Akajaribu kuitoboa kwa drili, drili ikateleza, ncha yake ikavunjikia ndani. Sasa kulikuwa na chuma kigumu ndani ya chuma kilichogoma. Akahamia upande wa pili, bolti ya huko nayo ikakatika.

Siku moja nilikuwa nimewapelekea mkate wa iliki, Verna akatoka nje akiwa amevaa koti.

"Reino anakwenda kambini Jumamosi," alisema. "Gari lake lina viti vizuri na atakwenda polepole. Twende naye."

"Nimesema utakwenda na gari lako."

"Wendell, mimi nataka ziwa. Sitaki gari."

"Wiki ijayo litakuwa tayari. Huwezi kuvumilia wiki moja?"

Verna alinitazama mimi, kisha akarudi ndani. Jumamosi Reino alikwenda peke yake. Hazikupita siku nyingi theluji ikaanguka, njia ya kambini ikafungwa, na Wendell akaifunika pikapu kwa turubai ikiwa juu ya stendi.

Verna alifariki Februari, kwa shambulio la moyo. Alikuwa amekaa mezani akimenya viazi.

Theluji ilipoyeyuka nilimwona Wendell akitembea kwa miguu mpaka kwa Reino. Reino mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye kwamba Wendell alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Shemeji, njoo na gesi yako."

Walilishusha tangi wakaliweka mbali. Reino akapasha chuma mpaka kikawa chekundu, akakiacha kipoe, akakipasha tena. Kisha akapitisha msumeno wa umeme pande zote mbili za bushi, akagonga. Mabaki yakadondoka. Upande wa pili ukatoka vilevile, na kahawa niliyowapelekea kwenye thermosi ilikuwa bado ya moto.

Wendell aliokota kipande cha bolti, akakigeuzageuza kiganjani.

"Ni hiki tu?"

"Ni hiki tu, shemeji," Reino alijibu. Kwa mara ya kwanza sikumsikia akitania.

Gari lilipokamilika Wendell aliniomba nimsindikize kambini, kwa sababu Reino alisema hawezi, bado. Tuliingia kwenye ile njia ya mawe. Nilishika mlango kwa mazoea, lakini gari lilipita juu ya mizizi kama linapita kwenye zulia. Wendell akapunguza mwendo, akasimama katikati ya msitu, akazima injini.

"Angeweza kusinzia humu," alisema.

Aliinamisha paji la uso kwenye usukani, mabega yakimtikisika, nami nikatazama miti. Baadaye tukafika ziwani. Barafu ilikuwa imeondoka, maji yametulia. Hakuwasha sauna, kile chumba cha kuogea kwa mvuke, wala hakufungua madirisha. Alikaa kwenye gati la mbao mpaka baridi ikatufukuza.

Pikapu hakuitumia tena. Aliwapa watu wa kanisani wanaowapelekea chakula wazee wa barabara za porini. Siku hizi huenda kambini kwa gari la Reino, wawili hao wakibishana njia nzima. Dereva wa kanisani akikutana naye dukani humsifia: "Mzee Lahtinen, hilo gari lako ni laini ajabu!" Wendell humshukuru, kisha hugeukia rafu ya bidhaa kana kwamba kuna kitu amekisahau.