Kwamboka Alipomshika Mkwewe

Mwaka wake wa kwanza wa kazi katika nyumba ya wazee kule Lewisville, Texas, Kwamboka aling'atwa mara tatu, akachapwa bakora ya chuma mgongoni, na akang'olewa jino na bibi wa miaka tisini ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa akimwimbia. Hakumlaumu hata mmoja. Walikuwa wagonjwa, akili zimewatoka, naye alifundishwa la kufanya: mzee akikukamata usivutane naye, tafuta kidole gumba chake, kisukume polepole, mkono utafunguka wenyewe bila mtu kuumia.

Kazi hiyo ilimfunza pia kusoma ngozi. Kila alipowaogesha wazee alikagua mikono, mbavu na mapaja, na penye alama alitia wino kwenye karatasi yenye picha ya mwili wa mtu. Alama ya kujigonga mlangoni aliijua. Ya vidole vinne na gumba aliijua zaidi.

Masomo hakuwa nayo mengi. Aliachia shule darasa la saba huko Nyamira, akaolewa na Mogaka, akamzika Mogaka, kisha bintiye wa pekee, Loice, akapata kazi ya uuguzi Dallas na kumvuta. Loice alipoolewa na Onyancha, dereva wa lori, wakahamia Haltom City, Kwamboka alipanga nyumba yake mwenyewe Lewisville, maana kwa Wagusii mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa bintiye. Hawagusani, hawapeani hata mkono, na wakiwa na la kuambiana hulipitisha kwa mtu wa katikati. Kwa miaka miwili Kwamboka alikuwa hajamwambia Onyancha neno moja uso kwa uso.

Jumapili moja ya Julai, baada ya kanisa, Onyancha aliamua kuwapeleka wote kula katika baa moja ya mashambani, mwendo wa saa nzima kaskazini, inayosifiwa kwa chakula kuliko kwa pombe. Kwamboka aliwafuata kwa gari lake kwa kuwa alikuwa na zamu jioni. Baa yenyewe ilikuwa ghala la zamani la nyasi za ng'ombe. Bia walipika wenyewe mle ndani, na vyakula vilikuwa vimeandikwa kwa chaki ukutani: kambare, bamia za kukaanga, nyama ya kuchomwa kwa kuni za mwaloni. Jua lilikuwa la kulainisha lami, lakini Loice alishuka garini amevaa gauni la mikono mirefu iliyofungwa vifungo hadi kwenye vifundo vya mikono. Kwamboka aliona, akazikumbuka alama za vidole vinne na gumba.

Alitaka kuketi meza ya kando. Onyancha akacheka hadi watu wakageuka. Akasema hapa ni Texas, nani wa Kisii atawaona? Basi Kwamboka akaketi upande upande, uso dirishani. Kioo kikamwonyesha meza nzima.

Mhudumu alipouliza nyama iiveje, Onyancha, ambaye hakupenda kuonekana mgeni popote, alijibu kwa niaba ya wote kwamba iive nusu. Ililetwa. Kwamboka alipotia kisu, damu ikatiririka hadi kwenye viazi. Akakiweka kisu chini. Huko walikotoka, nyama kama ile humrudia mchomaji, na hakuna anayenuna. Loice alimwonea mama yake huruma, akamwita mhudumu na kumwomba kwa adabu aipeleke tena motoni.

Halikuwa jambo. Ila Onyancha alikuwa kwenye bia ya nne, na mkewe alikuwa amemwonyesha mbele ya mama mkwe kwamba hajui kuagiza chakula. Alitabasamu. Mkono wake ukashuka chini ya meza. Kwenye kioo Kwamboka aliona bega la bintiye likipanda na midomo ikikauka. Loice akachukua glasi kwa mkono wa kushoto, akanywa maji. Kilichomtisha mama ni kwamba hakushtuka. Alikuwa amezoea.

"Loice," Kwamboka alisema akitazama kioo, "mwambie mwenzako mkono ni wa kulia chakula."

"Mama yako ana mzaha," Onyancha akamwambia mkewe. "Muulize ni nani amemwalika katika mambo ya nyumba yangu."

Kisha akasimama na kusema wanaondoka. Loice akamfuata. Kwamboka alichelewa kidogo akitafuta mkoba chini ya kiti, na alipofika nje alisikia kabla ya kuona: kichwa kikigonga mlango wa gari. Onyancha alikuwa ameshika nywele za Loice, akimpigiza, damu ya pua ikirukia gauni la kanisani. Akampigiza tena.

Zilikuwa hatua kumi. Miguu ya Kwamboka ilikataa. Miaka hamsini na mitatu alikuwa ameitunza heshima ile, na mwili wake haukujua njia ya kumfikia mkwe. Loice akapigizwa mara ya tatu, akaporomoka kando ya gurudumu.

"Mwachilie," Kwamboka alisema.

Onyancha aligeuka, akamsukuma kifuani, mama akaanguka kwenye kokoto na kiwiko kikachanika. Akamrudia Loice kwa teke la mbavu. Hapo Kwamboka aliinuka, akamkamata mkono. Kidole gumba alikipata mara moja, lakini hakukisukuma polepole. Kilivunjika kwa sauti ya ukuni mkavu. Onyancha akanguruma, akampasua mdomo kwa ngumi ya mkono wa pili; Kwamboka akaung'ata mkono huo, asiachie.

Makelele yaliwatoa watu wa baa. Walichokiona ni mama mnene amening'inia kwenye mkono wa mwanamume. Wakamvuta yeye.

Askari wa kaunti alipofika, Onyancha alikuwa na Kiingereza kizuri na kidole kilichovimba. Alieleza kwamba mama mkwe alimrukia kwa hasira ya nyama mbichi, na mkewe aliteleza kwenye kokoto. Kwamboka akaketishwa chini, mikono ikafungwa pingu mgongoni. Akamtazama bintiye. Alijua kwamba mara zilizopita, hospitalini Loice alishasema ameteleza bafuni, na kanisani kwamba ameanguka ngazini.

"Mwambie uliteleza," Onyancha alimwambia mkewe kwa Kiswahili, taratibu, kama anayembembeleza. "Mimi nitamwombea mama yako asifungwe. Twende nyumbani." Kisha kwa Kwamboka: "Na wewe, mama mzima kumkamata mkwe! Kisii nzima itasikia. Utatoa mbuzi wa kututakasa."

"Nitatoa wawili," Kwamboka alisema, akatema damu. "Wa pili ni wa meno."

Askari alimwinamia Loice aliyeketi juu ya bampa, kitambaa cha mezani kikiwa puani. Akamuuliza kilichotokea. Loice alikunja kitambaa upande usio na damu, na kabla hajajibu Onyancha akaanza kujibu kwa niaba yake. Askari akainua kiganja kumnyamazisha.

"Sikuteleza," Loice alisema kwa Kiingereza. Sauti ilikuwa ndogo, akarudia. Akamwonyesha mlango wa gari uliobonyea, na nywele zake zilizonasa kwenye kitasa. Akasema mama yake ndiye aliyemtoa mikononi mwa yule, na kwamba leo si mara ya kwanza wala ya kumi.

Pingu zikatoka mikononi mwa Kwamboka, zikafungwa mikononi mwa mkwewe. Onyancha aliita jina la mkewe hadi mlango wa gari la askari ukafungwa. Askari akageuza ukurasa, akamuuliza Loice anakoishi. Loice akataja Lewisville, nambari ya jengo, nambari ya mlango wa mama yake. Askari hakusikia vizuri, akamwomba arudie, naye akarudia, safari hii polepole, mpaka yote yakaandikwa.