Radhi kwa Daktari

Kwetu Tanga mwanamke akikaribia kujifungua huomba radhi. Huanza kwa mumewe, kisha wazazi, kisha majirani, hata yule waliyenuniana kwa sababu ya kuku aliyevuka ua. Mtoto, wanasema, hapiti penye kinyongo.

Mimi nilikuwa nimewamaliza wote. Mume wangu nilimwomba radhi jikoni kwetu huku ughaibuni, Auburn, akajibu, "Radhi ipo, ila ule wali ulioungua Ijumaa acha niufikirie kwanza." Mama nilimpigia simu, tukalia kidogo, tukacheka. Nilipoingia hospitali na uchungu wangu, moyo ulikuwa mweupe. Nilitaka jambo moja tu: nisipasuliwe pasipo lazima. Mama alipasuliwa aliponizaa. Nimekua nikimwona akikohoa huku mkono umekandamiza kovu, kama mtu anayeshikilia mlango usifunguke.

Mkunga wa zamu alikuwa Mkenya, mcheshi, mwenye mikono ya moto. Alinifunga mikanda miwili tumboni, na kwenye kioo cha mashine moyo wa mwanangu ukaanza kuandika mstari wake.

"Naweza kutembea kidogo?" nikamuuliza.

"Ukitembea mstari unapotea, dada."

"Na mstari usipokuwepo? Mimba yangu haijawahi kuwa na shida."

"Ningemsikiliza mtoto kwa kachombo kadogo ka mkononi, mara kwa mara, na ungetembea mpaka uchoke." Akapunguza sauti. "Lakini madaktari wetu hapa wanataka mstari. Siku mambo yakiharibika, wakili wa kwanza atauliza, mstari uko wapi?"

"Kwa hiyo mstari ni wa mtoto au wa korti?"

"Wa wote wawili. Wewe lala kwa ubavu, wacha maneno."

Mama mdogo, aliyekaa pembeni na tasbihi yake, akauliza tunanong'ona nini. Kabla sijamjibu, uchungu mwingine ukanijia.

Alasiri mstari ulianza kuzama. Ulishuka, ukapanda, ukashuka tena. Daktari akaja, mwanamke wa makamo mwenye nywele zilizobanwa haraka, akaitazama mashine kabla ya kunitazama mimi. Alisema anaona ni heri twende chumba cha upasuaji. Alilisema neno "hatari" mara nyingi, kwa sauti sawasawa, kama mtu anayesoma.

Mama mdogo akaniinamia sikioni. "Na huyu ushamwomba radhi?"

"Mama mdogo, huyu simjui."

"Ndiye atakayekushika wewe na mwanao. Mwombe!"

Basi nikamwomba. Kwa Kiingereza changu chote, kati ya uchungu na uchungu, nikasema: "Daktari, nisamehe kama nimekukosea. Na mimi, lolote litakalotokea, nimekusamehe."

Aliondoa mikono yake kwenye kitanda kana kwamba chuma kimemchoma.

"Umenisamehe nini?" akauliza. Akamgeukia mkunga. "Kuna jambo limefanyika humu kabla sijaja? Kuna mtu amelalamika?"

Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba chumbani mle kulikuwa na wanawake wawili wenye hofu, na mimi nilikuwa mmoja tu. Mkunga, akijizuia asicheke, akamweleza desturi ya pwani: kwamba si malalamiko, ni kusafisha njia. Daktari akasikiliza mpaka mwisho. Kisha mabega yake yakashuka.

"Watu huniuliza jina langu kamili na namna linavyoandikwa, wampelekee wakili," alisema. "Kusamehewa kabla sijagusa kitu, hii ni mara ya kwanza. Watu wa bima inayonilinda nikishtakiwa hawataikubali, lakini asante."

Mama mdogo alipotafsiriwa hayo akasema, "Mwambie hao watu wa bima wazae wao." Mkunga akayatafsiri yote, neno kwa neno, na daktari akacheka hadi akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Alipoketi, nikapata ujasiri.

"Niambie kweli. Huu upasuaji ni kwa ajili ya mtoto, au kwa ajili ya bima?"

Hakukasirika. Alifikiri. "Mstari kama huu, daktari mmoja atasubiri, mwingine atapasua. Ila sijawahi kusikia daktari aliyeshtakiwa kwa kupasua mapema. Ukishalijua hilo, mkono unakimbilia kisu wenyewe." Akautazama tena mstari. "Tunaweza kuchukua tone la damu kichwani mwa mtoto, humo humo ndani, tupime kama hewa inamtosha. Likiwa zuri, tunasubiri. Likiwa baya, tunakwenda, na hatubishani."

"Likiwa baya, nipasue," nikasema, na nilimaanisha. Kovu la mama lilikuwa chungu, lakini mama alikuwa na mimi.

Wakalichukua tone, mkunga akatoka nalo kwenda kulipima. Tasbihi ya mama mdogo ilisimama. Mume wangu akaingia mbio kutoka kazini kwake, ghalani Smithfield, bado na fulana yake ya kung'aa, akaniona nimefumba macho, akadhani yale ambayo kila mume angedhani. Kisha mkunga akarudi akitabasamu kabla hajafungua mdomo.

Tone lilikuwa zuri.

Wakaniinua, nikasimama nimeegemea kitanda, mikanda na nyaya zikinifuata, mimi kama mbuzi aliyefungwa kamba ndefu. Jua likiwa bado dirishani, binti yangu akatoka, akalia kwa hasira, na sisi wote tukashusha pumzi, daktari kwa sauti kuliko wote.

Aliponifunika shuka alisema, "Sikukujibu. Na mimi nimekusamehe."

Nyuma yake mashine ilikuwa ikilia. Hakuna aliyekumbuka kunifungua mikanda, nayo bado ilikuwa ikiutafuta moyo tumboni mwangu, wakati mwenye moyo huo alikuwa juu ya kifua changu, amelala. Mkunga akanyoosha mkono, akaizima.