Bi Mkono na tanuri lililoitangulia benki

Saa tatu asubuhi, siku ya Alhamisi. Bi Mkono anaingia kwenye chumba cha kuokea mikate, anavua miwani iliyofunikwa na mvuke, anaifuta kwa ncha ya mtandio, kisha anafanya lile analolifanya kila siku ya kazi. Ananyoosha mkono wa kulia na kuweka kiganja juu ya mali.

Mali yenyewe ni tanuri jipya la chuma, refu kumpita, lenye mlango wa kioo. Anaurudisha mkono upesi kama mtu aliyeumwa na siafu.

"Lina joto," anasema.

Mwokaji, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye unga mpaka kwenye nyusi, anatabasamu kwa fahari.

"Linawaka tangu alfajiri, shangazi! Hebu onja mkate."

Bi Mkono haonji. Anavuta kiti, anakaa, analitazama lile tanuri kama mama aliyemkuta mkwewe jikoni, anapika, na posa haijaletwa.

Mama huyu wa miaka hamsini na minane ni mfanyakazi wa benki ya Kiislamu. Jina lake la kuzaliwa lipo kwenye kitambulisho, lakini ofisini mpaka meneja humwita Bi Mkono, kwa sababu kazi yake ni kushika vitu.

Mteja akitaka mashine, benki hiyo haimpi fedha akanunue. Inakwenda kuinunua yenyewe dukani, inaipokea, inakuwa mali yake, ndipo inamwuzia mteja kwa bei iliyotajwa mchana kweupe, faida ikiwa ndani, alipe kidogo kidogo. Wenyewe huiita murabaha. Na kwa kuwa benki ni jengo, na jengo halina mikono, huazima ya Bi Mkono.

"Huwezi kuuza usichokuwa nacho," anaeleza. "Ukimwuzia mtu kuku wa jirani, umemwuzia maneno. Kuku bado anadonoa kwa jirani."

Ameshika mashine za kushonea, majokofu, ng'ombe wa maziwa, na safari moja kiti cha daktari wa meno. "Nilikaa kabisa," anasema huku akicheka. "Nikasema, leo benki inapumzika."

Asubuhi hiyo alikwenda dukani kwanza, kama ada, kulipokea tanuri kwa niaba ya benki. Akakuta pale lilipokuwa limesimama pana alama nne tu za miguu kwenye vumbi.

"Limekwishafika kwa mwenyewe," mwenye duka akamwambia kwa furaha. "Tumekupunguzia safari."

Kumbe walimwongezea.

Mwokaji alikuwa na haraka yake, na haraka hiyo ina sababu. Shule ya bweni iliyo karibu ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, naye amekubaliwa kuipelekea mikate ya asubuhi, mapatano ambayo aliyatafuta miaka miwili. Tanuri lake la zamani linaoka upande mmoja na kuunguza mwingine. Mkuu wa shule alimwambia wazi: mikate isipoonekana Jumatatu, yupo mwokaji mwingine anayebisha hodi.

Basi mwokaji aliposikia kwamba benki imemkubalia, hakusubiri. Akaenda dukani, akalipakia tanuri, akaliwasha.

Kwa mtu wa kawaida hilo ni kosa dogo, kama kuvaa nguo ya sikukuu siku moja kabla. Kwa benki ya namna hii, ni kosa linaloweza kuvunja biashara nzima. Ikiwa tanuri limekwisha kuwa lake, benki itamwuzia nini?

"Shangazi, wewe gusa tu," mwokaji akamsihi. "Si uko hapa, na tanuri liko hapa?"

"Na Mwenyezi Mungu yuko hapa," akajibu Bi Mkono. "Tukigusa, tuguse sote."

Dada wa mwokaji, ambaye ndiye anayekanda unga na kumtawala mdogo wake, akadakia kutoka kwenye meza. "Nilimwambia! Nilimwambia huyu, mtoto hatembei kabla ya kuzaliwa. Yeye pua juu."

"Dada, leo si siku ya kunichoma."

"Nikuchome nini? Tanuri si unalo?"

Bi Mkono hakuja benki kwa mlango wa mbele. Miaka kumi na tisa iliyopita alikuja na ndoo. Mumewe alikuwa amefariki na kumwachia watoto wanne, na mshahara wa mfagizi ulitosha kodi ya chumba, unga na sabuni, basi. Wiki ya mwisho ya mwezi, anasema, sabuni nayo ilikuwa ikiomba ruhusa.

Wakati huo wateja wengi wapya walikuwa wanawake waliofanyia biashara majumbani, na benki ikahitaji mwanamke wa kuingia majikoni kupokea vifaa. Meneja wa zamani akamwita, akamuuliza kama anaweza.

"Nikamwambia, jikoni? Mimi ni mwenyeji huko."

Siku hizi kazi yake si kupokea tu. Kabla mteja hajakubaliwa, hutumwa kutazama. Maofisa hupiga hesabu zao za soko, za mapato na za mdhamini. Yeye hutazama vilivyobaki: kama mteja ana wateja siku ya mvua, majirani wanamtaja kwa sauti gani, na kile kifaa, Mungu apishe mbali mambo yakiharibika, kama kuna mtu atakayekitaka. Katika kila maombi kumi, anasema, sita ndiyo hupita.

Wako wanaolalamika kwamba benki yao inachagua sana. Huwajibu kwa kitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Kuku wangu, hata akichelewa kurudi bandani, hatagi."

Wakishindwa, huwafumbulia: ni deni la benki yake. Mteja akichelewa kulipa, benki haimwongezei riba juu ya deni, deni halizai. "Sasa kama kuku wako hatagi," anasema, "si lazima umjue vizuri kabla hujamfungulia banda?"

Mwokaji huyu alipita kwa sababu ya jambo moja alilolileta Bi Mkono mwenyewe. Alimkuta siku ya mvua kubwa akipeleka mikate kwa baiskeli, mikate imefunikwa kwa koti lake, yeye ameloa chapachapa. Alirudi ofisini akawaambia, "Huyu, mali ya watu ataifunika."

Ndiyo maana Alhamisi ile ilimuuma. Aliyemsifu ndiye aliyekosea.

Alimpigia simu sheikh wa kamati ya benki, mzee mpole anayeulizwa mambo ya namna hii, akaweka sauti wazi ili wote wasikie.

"Muulize swali moja," sheikh akasema. "Alipolichukua, walikwisha kuuziana na mwenye duka, au alipewa tu ili alijaribu? Na ajibu kweli."

Dada mtu akaacha kukanda. Mwokaji angejibu kwamba amekwisha kununua, mlango ungefungwa: tanuri lake, deni lake, na mwenye duka akimsubiri kwa fedha asizokuwa nazo.

"Hatukuuziana, sheikh," akasema. "Sikulipa kitu. Aliniambia nenda nalo ulijaribu, benki wakija mtaelewana nao."

Bi Mkono hakuridhika na neno moja. Akampigia mwenye duka, akamuuliza vilevile, bila kumpa jibu mdomoni. Maneno yakalingana.

"Basi bado ni la mwenye duka," sheikh akasema. "Lirudi kwake, mlinunue kwake, mlipokee, ndipo mmuuzie kijana. Taratibu mliyojiwekea mnaijua, msiiruke."

"Na mikate niliyokwisha kuoka?" mwokaji akauliza kwa woga.

Sheikh akacheka. "Hiyo muulize mwenye tanuri."

Mwenye tanuri, alipoulizwa, akasema aletewe miwili, na isiwe imeungua.

Ijumaa asubuhi tanuri likapakiwa kurudi. Mtaa mzima ukatoka kutazama, kwa maana tanuri si kitu cha kupitisha kwa siri. "Limeachika?" jirani akauliza. "Hata fungate halijamaliza!" Mwokaji akainamisha kichwa, akasukuma. Dada yake ndiye aliyejibu kwa niaba ya ukoo. "Limekwenda kwao kufuata mahari. Wewe subiri mkate, uache maneno."

Dukani, benki ikanunua. Tanuri limepoa. Bi Mkono akaweka kiganja juu ya chuma, akasema kama anavyosema siku zote, "Nimepokea." Kisha akapanda kwenye pikapu, akakaa mbele na dereva, na tanuri likaanza safari yake ya tatu katika wiki moja.

Njiani alimtegea dereva kitendawili. "Changu njiani, nikifika si changu."

Dereva akafikiri. "Abiria?"

"Wewe unawaza kazi yako tu."

Dereva hakupata nafasi ya kukifumbua. Karibu na kona ya mwisho palikuwa na tuta ambalo jana halikuwapo. Mafundi wa barabara walilimwaga usiku. Pikapu ikaruka, kamba ikalegea, na nyuma kukasikika sauti ambayo kila mwenye vyombo anaijua.

Walipofika, kioo cha mlango wa tanuri kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe.

Mwokaji alikuwa anasubiri mlangoni. Akakitazama kioo, akakalia gunia la unga. "Nimekwisha," akasema. "Bei ya kioo hicho ni kipato changu cha wiki mbili."

Bi Mkono alishuka polepole, magoti yake hayapendi pikapu. "Mwanangu, nikuulize. Mimi na wewe tumeuziana?"

"Bado."

"Tanuri ni la nani?"

Dada yake ndiye aliyeinua kichwa kwanza. "La benki," akasema taratibu. "Na kioo ni cha benki!"

"Ndicho kitendawili changu hicho," Bi Mkono akamwambia dereva. "Changu njiani."

Lakini dada mtu si wa kunyamaza kirahisi. "Ila shangazi, tuambizane ukweli. Lingeachwa palepale lilipokuwa, si lisingevunjika?"

Bi Mkono akacheka mpaka akashika ubavu. "Kweli kabisa. Taratibu yetu ndiyo iliyolipandisha gari. Basi taratibu yetu na ilipe."

Akampigia meneja. Waliokuwapo wanasema ilisikika pumzi ndefu ya meneja, kisha maneno machache. "Lilikuwa mikononi mwetu. Badilisheni kioo. Na bei ya kijana isibadilike hata senti."

Hili ndilo Bi Mkono hutaka watu walielewe. Wengi huja benki wakiuliza: kama faida ipo na malipo ya kila mwezi yapo, tofauti iko wapi? Hana elimu ya kuwafungulia vitabu. Huwaeleza safari ya pikapu.

"Faida tunayokula, tunaila kwa sababu ya pale njiani," anasema. "Pale ambapo kikivunjika, kimevunjika kwetu. Asiyethubutu kupita pale, anadai faida ya nini?"

Jumamosi fundi wa mwenye duka alileta kioo kipya. Bi Mkono akakagua mlango, akaufungua na kuufunga, akageuka kwa mwokaji, na mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao akiwa na unga mpaka viwikoni, akamtajia bei ya kununulia, faida, na muda wa kulipa.

"Benki inakuuzia tanuri hili."

"Nimenunua," mwokaji akasema. Halafu akauliza, "Sasa naweza kuliwasha?"

"Lako hilo. Hata ukitaka kulala ndani."

Jumatatu mikate ilifika shuleni kabla wanafunzi hawajapanga foleni. Mpishi wa shule aliibonyeza, akainusa, akauliza kama kesho wanaweza kuongeza. Tangu hapo mwokaji amepata msaidizi wa kupeleka mikate, na Bi Mkono, akipita, hupewa mmoja wa moto. Huulipia. "Nikila bure," anasema, "nitaandika nini juu yake siku akirudi kuomba tena?"

Mwakani anastaafu. Watoto wote wanne wanajitegemea, na bintiye wa mwisho ana shamba la alizeti ambalo mbegu zake huuzwa kwa bei ya kutupa, kwa kukosa mashine ya kukamulia mafuta. Mama na binti wanataka kuzikamua wenyewe. Ombi lao limekwisha kupelekwa benki, kama la mteja yeyote, na maofisa wenzake wamekuja kulitazama shamba na kuuliza majirani.

"Wamenichunguza hasa," anasema kwa fahari. "Mmoja aliuliza hata kama ninagombana na watu. Nimemfundisha mwenyewe."

Mashine yenyewe imesimama kwenye duka lilelile la matanuri, imepakwa rangi ya kijani, ina mdomo mpana wa kumwagia mbegu. Kila akienda kupokea mali ya wengine, hupita mbele yake, husimama, na hufunga mikono nyuma ya mgongo. Anajua kwamba kugusa peke yake hakuharibu kitu. Hata hivyo hataki.

"Gusa, shangazi," mwenye duka humtania. "Chuma hakiumi."

"Kitendawili!" Bi Mkono hujibu.

"Tega."

"Cha wenzangu nimeshika chote, changu sijakigusa."

Mwenye duka hujifanya anafikiri, akakuna kidevu, kisha akakubali kushindwa. "Nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji sitaki," husema Bi Mkono, mikono ingali mgongoni, macho kwenye ile rangi ya kijani. "Nitunzie mashine."