Jaji Ndani ya Basi la Greenbelt

Juzi, huku ughaibuni, kwenye basi la kutoka Takoma Park kwenda Greenbelt, mzee mmoja aliyevaa suti na tai aligoma kuketi. Dereva akawa anamsubiri. Mama anayemtunza, Mkenya kama yeye, akaninong'oneza, "Usishangae, dada. Huyu alikuwa jaji wa rufaa kwetu. Siku hizi hata jina la binti yake linampotea, lakini korti hajaisahau."

Kisha mama huyo akasimama wima katika sare yake ya kazi, akaita, "Kooorti!"

Mimi nisiyesimama hata bibi harusi akiingia, nikasimama. Tukainamisha vichwa, kama ifanywavyo jaji anapoingia mahakamani. Mzee naye akainama, akaketi taratibu. Basi likaondoka.

Mama yule alibaki ameshikilia chuma, akiupumzisha mguu mmoja kisha mwingine. Mzee aliitazama miguu ile kwa muda, akasogea dirishani.

"Umesimama tangu asubuhi," alisema. "Keti hapa, mwanangu. Hiyo ni amri."

Nimesikiliza hukumu ndefu maishani. Hii ilikuwa fupi, na hakuna aliyekata rufaa.