Neno "Mzima" Mbele ya Jina la Lali

Siku yangu ya kwanza ya uaskari jela nilipewa filimbi, rungu, na kofia iliyonizidi kichwa. Shule nilikuwa nimeiachia darasa la tano. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akatafuta maneno makubwa humu akayakosa. Mistari mitatu ya usajini niliyoivaa baadaye sikupewa na mjomba wala na cheti. Niliipata kwa kuamka mapema na kutokosa zamu.

Jela yetu ilikuwa upande wa bara, mkabala na kisiwa cha Lamu. Mimi ni mtu wa Wiyoni, mtaa wa kisiwani humo, kwa hiyo kwenda kazini ni kuvuka kwa boti, kisha kupanda gari. Aliyenifundisha kazi alikuwa koplo mmoja mzee. Asubuhi ile alinisimamisha mbele ya uwanja akapaza sauti: "Watano watano! Chutama!" Wafungwa wote wakachutama kwa safu za watano, mikono juu ya magoti. Hiyo ndiyo hesabu. Mtu aliyesimama anaweza kukimbia au kukurushia ngumi. Aliyechutama hana la kufanya ila kuhesabiwa. Na akipungua mmoja, wote hubaki vivyo hivyo, jua liwake lisiwake, mpaka hesabu itimie.

"Na mgonjwa je, Afande?" nikamuuliza.

Koplo alinitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yana chumvi. "Anayechutama ni mzima. Asiyechutama ni mgonjwa, au ni jeuri."

"Nitawatambuaje?"

"Jeuri akiona rungu huchutama."

Huo ndio udaktari niliofundishwa, nami niliushika. Nilihamishwa jela mbili kubwa za bara ya mbali, kwenye baridi ya kutoa moshi kinywani, na huko kote mambo yalikuwa yale yale. Mkuu wa jela ya kwanza, tuliyemwita Ofisaa Msimamizi kama wanavyoitwa wote wenye cheo hicho, alikuwa mtu wa viatu. Kiatu kikiwa na vumbi huna likizo. Wa pili alikuwa mtu wa makaratasi. Huyo ndiye aliyeniambia, "Wewe Omari husomi sana, lakini unachoandika kinasomeka." Sifa hiyo nilirudi nayo Lamu, pamoja na usajini, na nikakabidhiwa kitabu cha wagonjwa.

Vijana mnaoingia kazi hii leo mna kompyuta, basi nieleze. Kitabu cha wagonjwa kilikuwa daftari kubwa la jalada gumu. Kila asubuhi baada ya hesabu, mfungwa mwenye malalamiko ya mwili huja mbele ya meza. Unaandika nambari yake, jina, analolalamikia, na mwisho uamuzi. Tabibu wetu alikuwa mmoja, naye alikuja siku mbili kwa juma. Siku nyingine zote mwenye kuamua nani apelekwe hospitali ya kisiwani na nani arudi shambani ni mimi. Kumpeleka mtu mmoja kwataka askari wawili, pingu, gari na boti, na askari wawili wakiondoka lango linabaki na mtu mmoja. Basi nilikuwa mgumu. Aliyechutama nilimwandikia "mzima." Kitabu changu hakikuwa na mfuto wala doa la wino, na Ofisaa Msimamizi wetu alipopata wageni alikuwa akikifungua awaonyeshe.

Lali alikuwa mkulima wa Mbwajumali, kule kisiwa cha Pate. Alimkata jirani yake kwa panga katika ugomvi wa mpaka wa shamba, akakiri, akafungwa. Hakuwa msumbufu. Siku moja kwenye shamba la jela jembe lilimchana kidole cha mguu. Baada ya siku chache akaja mezani kwangu.

"Sajini, kidonda hiki hakipoi. Nami nina sukari."

"Umechutama kwenye hesabu?"

"Nimechutama."

"Basi mzima. Nenda shambani."

Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa yake. Tabibu alipokuja siku zake alitazama wale tu nilioandika "mgonjwa," kwa sababu ndivyo utaratibu ulivyokuwa, na jina la Lali halikuwamo. Sikumpiga Lali hata siku moja, wala sikumtukana. Niliandika tu lile neno moja mbele ya jina lake, kwa hati nzuri. Ikafika asubuhi moja, amri ya kuchutama ikatoka, na Lali akaanguka ubavu. Tulipomvua kiatu, askari kijana aliyekuwa nami alitoka nje kutapika. Hospitali waliukata mguu chini ya goti.

Aliporudi jela na magongo, mwenzake wa chumba, aliyekuwa mwalimu kabla ya kufungwa, alimwandikia ombi la katiba. Hili nalo nilieleze, kwa sababu hata mimi sikulijua. Katiba inasema mfungwa anabaki na haki zake zote, isipokuwa zile ambazo kifungo chenyewe kinaziondoa. Uhuru wa kutembea umeondoka. Haki ya kutibiwa haikuondoka. Na mtu akivunjiwa haki anaweza kuandika kwa mkono, kwenye karatasi ya kawaida, akapeleka Mahakama Kuu, na mahakama haiwezi kumrudisha kwa kukosa fomu. Barua ile ilipita ofisini kwetu kama barua zote za wafungwa. Muhuri nilipiga mimi mwenyewe.

Ofisaa Msimamizi aliisoma akaitupa mezani. "Zamani wafungwa waliomba msamaha, Sajini. Siku hizi wanatushtaki."

Lali alitaka mambo matatu. Mahakama itamke kwamba jela ilimkosea. Apewe mguu wa bandia na dawa za sukari bila kuomba kila mara. Na kuanzia hapo askari asiwe ndiye mwenye kuamua nani mgonjwa. Wakili mmoja kijana, Bi Zuhura, mzaliwa wa mtaa wa Langoni, Lamu, alijitolea kumsimamia. Serikali ikaniita mimi niwe shahidi wa upande wake, na ushahidi wenyewe ni kitabu changu.

Nakiri nilifurahi. Nilipiga pasi sare mara mbili. Asubuhi ya kesi Ofisaa Msimamizi alinishika bega. "Wewe soma kilichoandikwa, basi. Usiongeze la mdomoni. Kitabu hakina kosa."

"Ndiyo, Afande."

Niliapa kwa Msahafu, nikakifungua. Wakili wa serikali aliniongoza ukurasa kwa ukurasa: jina, nambari, mzima, jina, nambari, mzima. Jaji alikuwa akiandika. Lali alikaa na magongo yake mapajani, ananitazama bila chuki, na hilo lilinisumbua kuliko chuki.

Bi Zuhura akasimama. Ni mtoto mdogo kwangu, ningeweza kumzaa.

"Shikamoo, Bwana Sajini."

"Marahaba."

"Neno 'mzima' umeliandika mbele ya jina la Lali mara kumi na tisa. Nimehesabu sawa?"

"Hujakosea."

"Ulimpima kwa kitu gani?"

"Alichutama. Anayechutama ni mzima."

Watu wakacheka nyuma. Mimi sikuona cha kuchekesha. Ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu.

"Basi tuonyeshe, Bwana Sajini. Wanavyochutama ni vipi?"

Wakili wa serikali aliruka. "Mheshimiwa, shahidi si mtu wa kuchezewa!"

Jaji akaniuliza kama nakubali. Hapo ndipo kiburi kiliponiponza. Nikasema, "Mheshimiwa, nimechutamisha watu tangu ujana wangu. Mimi sitashindwa."

Sasa kuna jambo ambalo hakuna aliyelijua, hata mke wangu. Goti langu la kulia lilikuwa bovu. Niliteleza gatini miaka mingi nyuma nikalifunga kwa kitambaa ndani ya suruali, nikanyamaza, maana askari mwenye goti bovu huondolewa kazini akapumzike kabla ya wakati wake. Nilitoka kizimbani nikachutama mbele ya mahakama, mikono juu ya magoti, uso mkavu kama wa sanamu. Bi Zuhura hakuniambia ninyanyuke. Alifunua kitabu changu polepole, kurasa zile kumi na tisa, moja moja. Jasho likaanza kunitoka shingoni.

"Bwana Sajini, wewe ni mzima?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini mkono ulikuwa bado una joto la Msahafu.

"La. Goti laniuma."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Mbona umechutama?"

"Umeniambia nichutame."

"Na Lali, nani alimwambia achutame?"

"Mimi."

Akaniambia, "Nyanyuka, baba, nisamehe," na akanipa mkono. Sikuweza kunyanyuka bila mkono huo. Hakuwa na swali jingine. Angekaa kitako na mambo yangeishia hapo. Lakini nilipokuwa nimesimama namshikilia mtoto wa watu, nilikumbuka jambo nililoliona asubuhi zile zote nisilijali. Katika safu yake ya watano Lali aliwekwa katikati kila siku, na wenzake wa kulia na kushoto walimbana kwa mabega. Nilidhani ni baridi ya alfajiri, au urafiki. Walikuwa wakimwegemeza ili asianguke, kwa sababu akianguka hesabu inaharibika na wote wanabaki juani.

Nikamgeukia jaji. "Mheshimiwa, kuna neno halimo kitabuni." Nikalisema lote. Nilimwona Ofisaa Msimamizi akivua kofia akaitazama ndani, kama kuna kitu kimepotea humo.

Nje ya mahakama aliniambia, "Umetuuza, Sajini."

"Afande, nimeulizwa nikiwa chini ya kiapo."

"La mwisho hukuulizwa."

Kweli. Hakuniuliza mtu.

Lali alishinda. Mahakama ilitamka kwamba haki yake ya kutibiwa na ya kuheshimiwa utu wake ilivunjwa. Fidia nayo ilitajwa, lakini hiyo si habari yangu. Mguu wa bandia aliupata baada ya kusubiri sana. Na amri ikaja jelani kwetu: kila asubuhi, kabla ya mtu kuchutama, askari aulize kwa sauti, "Nani anaumwa?" na aandike jibu kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, kisha tabibu aamue. Mwezi wa kwanza walijitokeza wengi, na maaskari wakanung'unika kwamba jela imegeuka hospitali. Mwezi wa pili walipungua, wakabaki waliokuwa wakiumwa kweli. Sikukaa nikaona zaidi. Nilihamishwa kulinda lango la jela nyingine, nikabaki na mistari yangu mitatu mpaka nilipostaafu. Usajini mkuu sikuuona. Silalamiki. Wengine walistaafu na vyeo vikubwa zaidi, nami nalala vizuri kuliko baadhi yao.

Vijana huja nyumbani kuniuliza mambo ya kazi. Nawaambia jela si mahali pa upole, wala sikuwahi kuwa mpole. Kuna watu mle ndani ukiwapa mgongo umekwisha. Hesabu lazima ihesabiwe na lango lazima lifungwe. Lakini msimwandikie mtu hali ya mwili wake wakati mdomo anao. Mimi niliambiwa na koplo, koplo aliambiwa na aliyemtangulia, na katika sisi sote hakuna aliyewahi kuuliza ndani ya mguu mna nini. Kitabu safi si kitabu cha kweli. Changu kilikuwa kisafi kupita vyote.

Lali alimaliza kifungo chake, akahamia Langoni kwa dada yake, anashona kofia. Ijumaa tunasali msikiti mmoja. Nyuma kabisa kuna safu ya viti kwa wasioweza kusujudu chini, na humo humo ndimo tulimo, yeye kwa mguu wake na mimi kwa goti langu. Kwa miezi mingi alitoa salamu, nikaitika, basi. Sikuwahi kumwomba radhi. Kila nikitaka, khutuba ilikuwa imeanza.

Ijumaa iliyopita nilichelewa, nikaja nachechemea. Kiti kilichobaki kilikuwa cha pembeni yake. Nilipokaa, akainama sikioni kwangu.

"Sajini, goti lako yeo li vipi?"

Nilimwambia kweli. "Laniuma hata leo, Lali."

Akasogeza kiti chake mpaka mabega yetu yakagusana, na mwadhini akakimu sala.