Tope la Jirani wa Juu

Asifiwe Mungu ashushaye mvua kwa wema na kwa wabaya, aliyenifikisha umri huu nikiwa bado na akili za kusimulia.

Kwetu Isingiro, kibanja changu cha migomba kiko mlimani, chini ya kile cha jirani, kijana wa rika la mwanangu. Masika ya mwaka juzi aliondoa nyasi zote alizokuwa ametandaza chini ya migomba yake akapanda maharage, na yalipochipua akamwaga samadi na mbolea ya chumvichumvi juu ya udongo mtupu. Nilimwambia aifukie upesi, maana mawingu yalikuwa yametanda upande wa Rwanda.

Akacheka. "Baba, mvua itaifukia yenyewe."

Mvua ilikuja mchana uleule. Ilitwanga mabati, ikararua majani ya migomba, ikang'oa maharage yake na kuuchuna mlima. Maji meusi yanayonuka zizi yakaporomoka hadi kwenye mtaro wangu wa kukinga maji. Yalipokauka, tope la samadi lilikuwa limejaa humo hadi magotini.

Asubuhi jirani alishuka na panga. Hata shikamoo hakusema.

"Mmechimba shimo la kuninyonya! Mbolea yangu yote imo humo!"

"Shimo hilo lipo tangu hujaoa," mwanangu alimjibu. "Kaidai mvua."

Jirani akaufyeka mgomba wangu wenye mkungu. Akaufyeka na wa pili. "Imekula mali yangu!" Utomvu ulimrukia usoni, naye akaendelea kukata. Mwanangu akamvamia, akampiga mpini wa jembe begani. Panga likageuka, likampasua mwanangu mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja. Wakaanguka wote mtaroni wakikabana koo. Damu ikachanganyika na samadi. Kisha nikamwona mwanangu amemkalia mwenzake kifuani, anamzamisha kichwa topeni. Miguu ya jirani ilikuwa ikirusharusha, halafu ikaanza kulegea.

Niliona maiti mmoja na mfungwa mmoja. Nikajitupa mtaroni, nikamkaba mwanangu shingo kwa nyuma.

"Mwachie! Tope ni lake, alichukue!"

"Baba, ametukatia migomba! Amenikata mimi!"

"Nimeona. Mwachie, nimesema!"

Akamwachia. Jirani aliinuka akitapika tope. Mkewe alikuwa amekwisha kushuka na karai. Alinitazama, nami nikaitikia kwa kichwa, akainama akaanza kuchota. Mwanangu tulimfunga mkono kwa kanga, bodaboda ikamkimbiza zahanati.

Jioni nilipotazama juu, jirani alikuwa anafukia tope lile kwenye mashina, mkewe anatandaza nyasi juu yake.

Vidole viwili vya mwanangu havikunjiki mpaka leo. Namshukuru Mungu kwa vile vilivyobaki, na kwa kuwa havikuua.

Nawe usomaye, Bwana akushikilie udongo wako mvua inapopiga, na awashike mikono watoto wako hasira inapowapanda.