Jini wa Bonde la Mpunga

Harufu ya mpunga unaokaribia kuiva ni tamu na nzito kidogo, kama maziwa yanayoanza kuchemka. Mwaka ule ilienea kijijini kwetu Kiegeani kote, hadi ndani ya nyumba ya shangazi yangu Mwanahawa, ambaye hakuweza kutoka kuifuata. Mumewe alikuwa amefariki, naye alikuwa eda. Kwa msomaji asiyeijua desturi yetu, eda ni kipindi ambacho mjane hukaa ndani, haonani na wanaume wa kando, mpaka siku zake zitimie. Mimi, binti wa kaka yake, nilikaa naye na kumchotea maji. Shamba lake bondeni halikuwa na mtu, na nguruwe mwitu walikuwa wengi. Shemeji yake, Faki, ndugu wa marehemu, alikwisha kusema wazi kwamba mpunga ukiliwa atalichukua shamba yeye, maana mjane ameshindwa kulitunza.

Ndipo mianga ikaonekana. Waliokaa barazani baada ya sala ya isha waliona vimoto vyekundu vikizunguka bonde, vikipanda, vikishuka, vikipotea. Wanaume wakakubaliana kwamba ni jini, na hakuna aliyekwenda kutazama. Faki akaongeza lake: mjane amevunja eda, anatoka usiku. Maneno yakavuka maji mpaka boma la Wajerumani kisiwani Chole, nao wakamtuma akida, mtawala wao mwenyeji, aje achunguze, isije ikawa ni watu wanaopeana ishara.

Akida alifika asubuhi na askari mmoja. Bondeni alikuta majivu ya makumbi ya nazi na nyayo nyingi, akasema jini huyu ana miguu, tena mingi. Kisha akaja nyumbani. Kwa kuwa shangazi haonekani, akida aliwekewa kigoda nje ya ukuta wa makuti, akauliza kutoka huko.

"Bi Mwanahawa, ni wewe unayekwenda shambani?"

"Shikamoo, Bwana Akida. Sijavuka kizingiti hiki tangu mume wangu azikwe. Tatizo nguruwe hawajui eda."

Askari alishindwa kuzuia kicheko. Faki, aliyefuatana nao, akaguna, akasema basi ataje anayekwenda. Jirani yetu Bi Rukia, aliyekuwa akitwanga uani, akaweka mchi chini.

"Jini ndiye mimi," alisema, "na wanawake wa nyumba hizi zote. Tunazunguka na makumbi yanayowaka, tunafukuza nguruwe."

Akida akauliza mbona hawakuwaambia waume zao wakalinde. Bi Rukia akamweleza kwa utulivu kwamba mwanaume akilinda shamba la mjane aliye eda, kesho yake kijiji kizima kinauliza ana nia gani.

"Tuliwaacha watu waseme ni jini," alimalizia. "Jini hapeleki posa."

Akida akamwambia Faki mbele ya wote kwamba eda haikuvunjwa na shamba lina walinzi. Shangazi alipotoka eda, wanawake walikuwa wamebakiza kidogo tu kuvuna, akamalizia mwenyewe. Shamba lile alililima hadi uzeeni.

Mwaka huu jirani yangu amefiwa na mumewe, mpunga wake ukiwa shambani. Wanaume walijitolea waziwazi kulinda, wakiwa na taa za chemli, na hakuna aliyenong'ona neno. Hapo tumesogea mbele, nami nafurahi kuona. Ila walinzi wetu walilala fofofo, na kulipokucha upande mmoja wa shamba ulikuwa umeliwa. Jioni ile sisi wanawake tukawaambia wakapumzike majumbani, tukaenda wenyewe.